Vichupa Sitini na Viwili

Namba moja ilisoma sifuri, na Dokta Mwanasiti Miraji hakushtuka, maana mashine ni mashine, na ile ya kituo chao ilikuwa na vituko vyake kila umeme ulipokuwa wa kukatikakatika. Namba mbili sifuri. Namba tatu sifuri. Alipofika ya kumi na moja akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa tena. Sifuri. Jamani, sifuri ya nini? Hata maiti wa leo asubuhi ana kitu mwilini mwake!

Ilikuwa Jumatano, siku tatu kabla ya vunja jungu. Vichupa vilikuwa sitini na viwili, kila kimoja na namba ya mwanamke mmoja wa Tongoni, na ndani yake mabaki ya mate aliyotoa mwaka ule. Kilichotakiwa kupimwa kilikuwa kimeshapimwa: projesteroni na estrojeni, zile homoni zinazoamua kama yai la mwanamke litapevuka mwezi huu au halitapevuka. Mabaki yalikuwa ya kurudishwa kwa wenyewe Jumamosi. Ila mwaka huu Mwanasiti alitamani kuyatazama mara moja zaidi, atafute homoni nyingine iitwayo kotisoli, ile inayopanda mtu akiwa na mashaka, ndipo akavitoa vichupa kwenye friza mapema. Kama si tamaa hiyo, angezikwa bila kujua.

Alijipima mwenyewe. Alitema kwenye kichupa kipya, akakipitisha mashineni. Mashine ikasoma vizuri tu, tena ikamwambia ana mashaka mengi. Basi mashine ilikuwa nzima.

Hapa habari ya mate ielezwe, maana asiyekuwa mtu wa huko atasema, ah, mate tu, kelele za nini? Tongoni mtu haachi mate yake ovyo. Nywele atazifukia, kucha atazifukia, na hatemi mbele ya asiyemwamini, asije akafuatwa nyuma na mtu mwenye kijiti cha kuyazoa. Mwenye mate yako anaweza kukufunga uzazi. Watu wanaliamini hilo, na wanaocheka wengi hucheka wakiwa mbali. Sasa Mwanasiti, mtoto wa Tongoni hapohapo, aliyesoma mpaka akaitwa dokta, alirudi kwao miaka kumi na miwili nyuma kuja kuomba nini? Mate! Tena ya wanawake wenye umri wa kuzaa, tena kila alfajiri kwa mwezi mzima, kabla mtu hajapiga hata mswaki.

Alikuwa na sababu. Dada yake Khadija aliachwa na waume wawili kwa kuitwa tasa, na akafa akiamini kuwa kweli ni tasa. Mwanasiti hakuamini. Alidhani, na baadaye akathibitisha, kwamba mwanamke anayeinama kwenye shamba la mwani asubuhi, jioni yuko kwenye muhogo, na anakula mlo mmoja, homoni zake hushuka miezi ile ya kazi nzito na yai halipevuki. Amechoka, ana njaa, basi. Na mate yalitosha kuyaonyesha hayo bila sindano, kwa sababu homoni za namna hii hupenya zenyewe kutoka kwenye damu mpaka mdomoni.

Aliyemfungulia mlango alikuwa somo Zuwena, yuleyule aliyemfunda Mwanasiti alipovunja ungo. Mwanamke wa kule anaweza kumficha mama yake jambo, mume wake ndiyo kabisa, lakini somo hamfichi. Zuwena alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akatoa sharti moja.

"Pima unachopima, mwari wangu. Lakini kinachobaki kirudi. Kila mmoja aje amwage ya kwake kwa mkono wake, mbele yetu sote, asibaki nayo mtu."

Mwanasiti akala yamini, mkono juu ya msahafu. Mate hayatalala kwa mtu mwingine, wala hakitatafutwa kitu kingine humo ila homoni.

Ndipo ukaanza utaratibu usiokuwemo katika kitabu chochote cha utafiti. Kila mwaka siku ya vunja jungu, wanawake wa Tongoni wanapoteremka ufukweni na masufuria yao, wale, wacheze, wacheke, kabla ya kuingia mfungo, Mwanasiti alifika na boksi la barafu. Aliita namba, si jina. Mwenye namba alisimama, akachukua kichupa chake, akaingia majini mpaka magotini, akamwaga, akanawa, akarudi. Ikimalizika ya sitini na mbili, somo Zuwena aliomba dua, wakaitikia amina, pilau likapakuliwa. Wataalamu wa ng'ambo waliosikia habari hiyo walicheka sana. Wacheke! Wao wanawake wao huwakimbia baada ya miezi sita. Wa Tongoni hakutoka hata mmoja, na aliyefika ukomo wa uzazi alimleta binti yake, namba ikarithiwa. Wakunga nao wakajifunza kuwaambia wanaume, mpumzishe mkeo miezi mitatu, mlishe, halafu ndiyo uje na maneno yako ya talaka. Watoto kumi na tisa walizaliwa katika nyumba ambazo zilikuwa zimeshakata tamaa.

Na nyuma ya yote hayo alikuwepo Mama. Profesa Imakulata, mkurugenzi wa kituo, alikuwa mtoto wa manamba, kazaliwa kambini kwenye mkonge, kasoma kwa taa ya kibatari mpaka vyuo vikuu vikamjua. Ndiye aliyemtoa Mwanasiti kwenye kuosha vyombo vya maabara, akamrudisha shule, akamtafutia nafasi ya udaktari. Mwanasiti alipofiwa na mumewe, Mama yule, Mkatoliki wa rozari mkononi, alilala naye mkekani siku zote za matanga na kuchambua mchele pamoja na majirani. Kituo kizima walimwita Mama Profesa. Mwanasiti peke yake alimwita Mama tu. Na kila vunja jungu Mama naye alikwenda Tongoni, akashika boksi la barafu, akaitikia amina kwa sauti kuliko wengine.

Haya. Alhamisi asubuhi Mwanasiti alifanya jaribio la kitoto, lile la darasani. Mate ya binadamu hula wanga. Ukiyachanganya na uji mwepesi wa muhogo, ukasubiri nusu saa, ukadondoshea ayodini, wanga haumo tena na ayodini hubaki na rangi yake ya chai ya rangi. Kama wanga umo, uji hugeuka buluu. Alitwanga makopa nyumbani kwake Chumbageni, akaupika uji, akaja nao kituoni ndani ya chupa ya chai, na mlinzi getini akamtania kwamba leo dokta kaja na kifungua kinywa cha mgonjwa.

Alidondosha. Kichupa chake mwenyewe kilibaki na rangi ya chai. Vya Tongoni vikageuka buluu, kimoja baada ya kingine, vyote sitini na viwili, buluu ya wino. Hamkuwa na mate humo. Hata tone.

Mwanasiti alikaa chini sakafuni, dokta mzima na koti lake jeupe.

Mwenye ufunguo wa friza alikuwa Luka, fundi wa maabara, Mshambaa wa makamo, mzee wa kanisa la Kilutheri, mpole, asiyejua kusema uongo. Ndiye aliyekuwa akikusanya mabaki ya kila mwanamke na kuyatia kwenye kichupa kimoja. Alipoingia akaiona ile safu ya buluu, hakuuliza ni nini. Alivua kofia tu.

"Luka, hiki ni nini?"

"Dokta, mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Ni maji, Dokta. Maji ya bomba." Akameza funda. "Na ute wa bamia kidogo. Nauchuja kwa kitambaa. Ili yavutike."

"Bamia?"

"Mama Profesa ndiye aliyenielekeza."

"Tangu lini, Luka?"

"Tangu mwaka wa tatu."

Bamia! Wanawake wazima, wake za watu, mama za watu, wamesimama majini mara tisa wakimwaga mlenda na kuombewa dua! Na yeye Mwanasiti ndiye aliyekuwa akiwaita, namba moja, namba mbili, kwa sauti ya heshima, akiona fahari moyoni kwamba hakuna mtafiti duniani anayewaheshimu watu wake kama yeye. Kumbe kavikwa kilemba cha ukoka, naye kakinyoosha vizuri kichwani.

"Na ya kwao? Mate yao yako wapi?"

"Yanasafirishwa kila Juni, kwenye sanduku la barafu kavu. Yanakwenda ng'ambo, kwenye hifadhi ya vinasaba." Luka aliizungusha kofia mikononi. "Karatasi za kusafirishia zina sahihi yako, Dokta. Ndiyo maana nikasema moyoni, bila shaka anajua."

Mwanasiti hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mate hayana homoni tu. Yana chembe za mwili, na ndani ya chembe mna vinasaba, yaani mtu na mama yake na bibi yake na wote waliomtangulia, asili yao na maradhi yao, yote yamo. Wazee wa Tongoni waliosema kwamba aliye na mate yako anakuwa na wewe mwenyewe hawakuwa wajinga hata kidogo. Yeye aliwaapia kwamba hakitatazamwa kitu humo ila homoni, na sasa watu asiowajua, katika nchi asiyowahi kuikanyaga, walikuwa wamewafungua wanawake wake mmoja mmoja.

Adhuhuri ileile akaenda Nguvumali. Alimkuta Imakulata barazani kwake, kaweka ungo mapajani, anapukuchua kunde.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo? Kaa. Chai ipo."

Mwanasiti hakukaa. Alikitoa kichupa kimoja mkobani, akakiweka mezani mbele yake. Namba kumi na saba. Buluu.

Imakulata alikitazama. Hakupayuka wala hakujitia hajui, na afadhali angejitia.

"Uji wa muhogo?" akauliza.

"Wa muhogo."

"Vizuri. Hata mimi ningefanya jaribio hilohilo."

Wallahi alisema hivyo, kama vile anasahihisha daftari.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu najua kazi yetu ni nini." Imakulata akauweka ungo chini. "Sitini na mbili, Mwanasiti. Mama na binti, ukoo kwa ukoo, miaka kumi na miwili, na kumbukumbu ya kila hedhi na kila mimba. Hakuna mahali pengine penye kitu kama kile. Na wewe ulitaka kimwagwe, walambe samaki?"

"Niliapa."

"Uliapa wewe. Mimi sikuapa."

"Nilikuja kukuambia, hapahapa, kwenye baraza hii! Ukanikumbatia. Ukasema nimefanya jambo la utu."

"Na lilikuwa la utu. Ndiyo maana sikukuvunja moyo." Aliongea pole pole, kama kawaida yake. "Unadhani ile mashine ilishuka na mvua? Friza je? Mshahara wako? Wenzetu wa ng'ambo hawatoi bure, na mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwapa. Wanawake wale walitaka kumwaga, wamemwaga. Mioyo imetulia, wamekula pilau, wamefunga mwezi wao. Nani ameumia? Nitajie jina moja."

Mwanasiti alitafuta jina, asilipate. Sitini na wawili wote walikuwa wazima, wanalima mwani wao, wanalea watoto wao. Hilo lilimchoma vibaya, kwamba swali lile halikuwa na jibu la haraka na Mama alijua halina.

"Mimi," akasema hatimaye. "Nimeumia mimi."

Kwa mara ya kwanza Imakulata akaepusha macho. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na jalada la kijani, akalifungua mezani. Karatasi za ruhusa ya kusafirisha, moja ya kila mwaka. Mtafiti mkuu: Dokta Mwanasiti Miraji. Na chini ya kila moja, sahihi. Yake. Ile M yenye mkia mrefu aliyojifunza darasa la tano.

Akakumbuka. Ee Mola, akakumbuka vizuri kabisa. Mwaka ule wa tatu alikuwa eda, ndani, kavaa nyeupe, mwezi wa pili tangu mume afukiwe, haoni mbele wala nyuma. Mama akaja na bahasha, akaketi kitandani kwake, akamshika mkono. Karatasi za kituo hizi, mwanangu, tia sahihi hapa chini tu, mengine nitajaza mwenyewe, usijichoshe. Karatasi zilikuwa tupu, nyingi. Na yeye akatia, moja baada ya moja, huku anashukuru. Nani angesema, ngoja kwanza nisome? Mtu aliyekulalia mkekani, aliyekuoshea vyombo vya msiba wako, unamwambia ngoja nisome? Kwa malezi ya Tongoni hilo lingekuwa tusi.

"Ulinijia kwenye eda," Mwanasiti akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Ulinijia kwenye eda yangu, Mama."

"Nilikuja kukuliwaza."

"Na bahasha?"

Imakulata alilifunga jalada. "Sikiliza. Ukisema, utakuwa umejisema wewe. Mimi Juni nastaafu, na kituo nimekwisha andika barua kwamba unakishika wewe. Jumamosi nenda na vichupa vyako kama kawaida. Mwakani, ukiwa mkurugenzi, rudisha mate ya kweli, rudisha yote, hakuna wa kukuzuia. Lakini usiivunje nyumba kwa sababu ya hasira ya siku moja. Watakaokosa wakunga na vipimo ni haohao wanawake wako."

"Na zile amina zako? Ulikuwa ukiitikia, nakusikia!"

"Nilikuwa nawaombea kweli," Imakulata akasema, na kibaya zaidi ni kwamba hakuwa akidanganya.

Mwanasiti alikirudisha kichupa mkobani, akalia kutoka Nguvumali mpaka Chumbageni, bila kujificha, mtandio umemlowa. Alimchukia yule mama. Alimpenda pia, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe hata kukaa. Angefiwa, majirani wangekuja na mikeka. Kwa jambo hili nani angekuja, na angewaambia kafa nani?

Ijumaa nzima alipigana na nafsi yake. Nafsi ilikuwa na hoja nzuri, tena za kisomi. Vichupa vipo, Luka atavijaza upya, nani atajua? Watamwaga, watafurahi. Mwakani yatarudi mate ya haki. Wanawake watabaki na wakunga wao, yeye atabaki na jina lake na kituo juu yake. Akanyamaza tu, siku moja tu! Lakini kila alipofikia kukubali, alijiona anasimama ufukweni anaita namba moja, na sasa anajua. Mpaka jana alikuwa amechezwa shere pamoja nao. Akiita namba kesho, mchezaji atakuwa yeye.

Baada ya sala ya alasiri akaandika barua kwa kamati inayotoa vibali vya utafiti. Akaeleza yote, na sahihi zake kumi akazitaja kwa idadi. Akaisoma mara tatu kabla ya kutia ya kumi na moja. Akaituma, akijua kuwa barua ile ilikuwa imemmaliza kazi. Ila Tongoni wasingoje kusikia kwa watu. Wasikie kwa kinywa chake.

Jumamosi ufukwe ulikuwa umechangamka. Kanga mpya, masufuria ya pilau, vijana wa kike wameshaanza ngoma ya ndoo. Somo Zuwena, sasa mwenye miaka themanini na kitu, alikuwa kaketi kwenye mkeka wake na tasbihi.

"Mama Profesa yuko wapi leo?" akauliza mara tu baada ya kupokea shikamoo.

"Hakuja, somo. Na namba leo siiti."

Ngoma ikanyamazishwa. Mwanasiti akasimama mbele yao, boksi miguuni, akasema. Hakuremba. Alisema mate yalikwenda wapi, tangu lini, na kwa sahihi ya nani. Alisema kuhusu vinasaba, kwamba waliotazama wameona zaidi ya homoni, wameona koo zao. Akasema walichokuwa wakikimwaga.

"Bamia?" Semeni akapiga ukelele. Semeni alikuwa namba kumi na saba, mcheshi wa kijiji, na alijua utani akiusikia. Akaangua kicheko, wengine wakamfuata, wakashikana mabega. "Dokta leo kaja na maskhara ya vunja jungu! Bamia!"

Mwanasiti hakucheka. Kicheko kikapungua, kikaisha. Semeni akaja mpaka kwenye boksi, akakichukua kichupa chake cha buluu, akakifungua, akakinusa. Akakirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha bakuli la mchuzi uliochacha.

"Tulikuwa tunanawa mikono baada yake," akasema. "Mimi na binti yangu."

Mwingine akauliza kama mate yanaweza kurudi. Mwanasiti akasema ameandika barua, lakini ahadi hana, na hatawadanganya. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Waliinama wakaanza kukunja mikeka, na masufuria yakafunikwa na pilau lake ndani. Mwanamke mmoja alimwita binti yake atoke majini kwa ukali, utadhani kaona kitu humo.

Mwanasiti akapiga magoti mbele ya somo Zuwena.

"Somo, karatasi zilikuwa tupu. Nilikuwa eda. Nilitia sahihi kwa sababu nilimwamini, alikuwa mama yangu."

Bibi alizungusha tasbihi, punje moja, punje ya pili.

"Hukusoma," akasema.

"Sikusoma, somo. Ningesomaje mbele ya mtu kama yule?"

"Na mwaka ule wa kwanza, ulipokuja na karatasi zako," Zuwena akasema, bila ukali wowote, "ukatushika vidole, ukavitia wino, tukabandika dole gumba mmoja mmoja. Mimi hata herufi moja siijui. Unadhani pale nilisoma nini?" Akamtazama. "Nilisoma uso wako."

Machozi yakamtoka Mwanasiti mbele ya wote, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Wanawake walikuwa wameshaanza kuondoka. Yeye naye ilikuwa lazima aondoke, na mtu haondoki kwa somo wake bila dua. Akainamisha kichwa, akasogeza mtandio nyuma ili utosi uwe wazi, maana dua ya mkubwa ikimalizika, humalizia kwa kukutemea mate kidogo utosini, ya baraka, na Zuwena alimfanyia hivyo tangu siku alipovunja ungo, siku alipoolewa, siku alipokwenda chuo.

Zuwena akaweka mkono kichwani pake, akaisoma dua. Aliisoma yote, hakuruka neno, na sauti yake haikutetemeka. Amina. Mwanasiti akangoja, kichwa kiko chini. Akangoja sana. Alipoinua macho alimkuta somo wake ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, ameubana kwa vidole vyote, na macho yamemjaa.

"Nenda salama, Dokta," akasema kupitia ile kanga.